Sura ya 6: Bei ya Kuzalia Ng'ambo

Septemba 2005 hospitali za umma za Hong Kong zilibandika bei mpya kwa wajawazito wasio wakazi: dola 20,000 za Hong Kong kwa kujifungua, kitanda siku 3 na usiku 2. Kila mtu alijua bei hiyo imewekwa kwa ajili ya nani. Ni akina mama wa China bara, waliokuwa wakivuka mpaka wa Shenzhen na matumbo yao. Walilipa. Februari 2007 bei ikapanda hadi 39,000 kwa aliyeweka nafasi mapema, na 48,000 kwa atakayetokea mlangoni na uchungu umeshamshika. Wakalipa tena. Muuza vitenge yeyote wa Kariakoo angewaambia wakubwa wa hospitali maana yake: ukizidisha bei karibu maradufu na wateja wakaendelea kumiminika, basi siku zote ulikuwa unauza kwa bei ya kutupa.

Sheria ilikuwa imefungua mlango miaka michache kabla. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Msingi, ambayo ndiyo katiba ndogo ya Hong Kong, kinampa haki ya ukaazi wa kudumu raia wa China aliyezaliwa humo. Je, hata kama baba na mama wote ni wa bara, nao walikuja kutembea tu? Julai 2001, katika kesi ya mtoto Chong Fung-yuen, Mahakama ya Rufani ya Mwisho ilijibu kwamba ndiyo, maana hadhi ya wazazi haihusiki. Mwaka huo watoto waliozaliwa Hong Kong na wazazi wasio wakazi walikuwa kama 620. Mwaka 2011 walifika 35,736. Ukijumlisha na wale ambao baba zao walikuwa wakazi, karibu nusu ya watoto 95,451 waliozaliwa Hong Kong mwaka ule walikuwa na mama wa bara.

Ni rahisi kusema kilichowavuta ni pasi ya kusafiria. Mimi sikubaliani, au tuseme nakubali nusu tu. Angalia hesabu aliyokuwa akiipiga mama wa Guangzhou mwenye duka lake na mtoto mmoja tayari nyumbani. China ilikuwa bado na sera ya mtoto mmoja, na faini ya mtoto wa pili ilikokotolewa kwa kuzidisha wastani wa kipato cha mwaka cha eneo analoishi mtu, tena mara kadhaa. Kwa mtu wa mjini, hiyo ilikuwa fedha ya kununulia gari. Mtoto wa Hong Kong hakuhitaji kuandikishwa katika daftari la makazi la bara, na wengi walitumaini kwamba kwa njia hiyo faini ingewapita. Juu yake weka shule ya bure ya Hong Kong, ambayo kuanzia 2008 ilikuwa miaka 12. Weka matibabu ya hospitali za serikali kwa ada ndogo. Weka pia maziwa ya kopo: mwaka huohuo wa 2008 watoto wapatao 300,000 wa China bara waliugua kwa maziwa yaliyotiwa melamini na 6 wakafa, na tangu hapo wazazi wakawa tayari kulipa zaidi kwa kitu chochote kilichotoka upande wa pili wa mpaka.

Halafu kuna sarafu, jambo ambalo wanasiasa wa Hong Kong hawakulitaja sana. Kwa miaka mingi yuan ya bara ilikuwa chini ya dola ya Hong Kong. Julai 2005 Beijing ililegeza thamani ya yuan, ikaanza kupanda polepole, na Januari 2007 ikaipita dola ya Hong Kong. Yaani mwezi mmoja kabla hospitali hazijapandisha bei kwenda 39,000, fedha ya mteja ilikuwa imeanza kununua zaidi ya fedha ya muuzaji. Kufikia 2011 yuan moja ilikuwa na thamani ya takriban dola 1.2. Ukuta wa bei ulikuwa ukijengwa upande mmoja na kumomonyoka upande wa pili.

Aliyefaidi ni nani? Hospitali binafsi, bila shaka, na madalali wa Shenzhen waliouza kifurushi kizima, kuanzia usafiri na chumba cha kungojea hadi daktari. Aliyeumia ni mjamzito wa Hong Kong mwenyewe. Wauguzi wa uzazi walihama hospitali za umma kufuata mishahara ya binafsi, vitanda vikajaa, na tangu Novemba 2006 kulikuwa na wajawazito wenyeji wakiandamana barabarani kudai nafasi katika hospitali za kodi zao. Serikali ikaweka maofisa mpakani kuwakagua akina mama wa bara wenye mimba ya wiki 28 na zaidi: cheti cha nafasi ya hospitali kiko wapi? Asiye nacho akarudishwa. Wengine wakavuka mapema, tumbo halijaonekana, wakajificha katika vyumba vya kupanga hadi uchungu uwashike, kisha wakakimbilia idara ya dharura ambako hakuna wa kuwafukuza. Mwaka 2011 pekee waliofika hivyo walipita 1,600. Wengi hawakuwa wamepimwa hata mara moja na daktari wa huko, na mkunga wa zamu akampokea mtu asiye na kadi wala historia.

Kilichomaliza mchezo si bei. Aprili 2012 Leung Chun-ying, aliyekuwa amechaguliwa kuwa kiongozi wa Hong Kong lakini hajaapishwa, alisema hospitali binafsi zisitoe hata nafasi moja mwaka 2013 kwa wazazi wote wawili wa bara. Watoto wa wazazi wa namna hiyo walikuwa 26,715 mwaka 2012. Mwaka 2013 walikuwa 790.

Mlango ulifungwa, lakini bidhaa ilikuwa imeshanunuliwa, na wanunuzi waliendelea kuitumia. Miaka michache baadaye wanafunzi wapatao 28,000 walikuwa wakivuka mpaka kila siku, asubuhi na jioni, begi mgongoni na kadi ya utambulisho shingoni. Wazazi wao walibaki Shenzhen ambako kodi ya nyumba ni nafuu, wakamtuma mtoto Hong Kong ambako shule ni bure. Hapo ndipo unapoona familia ya tabaka la kati ilinunua nini hasa pale wodini: tofauti ya bei kati ya miji miwili iliyo umbali wa treni moja, kwa muda wa miaka 18.

Wenye fedha zaidi waligeukia Marekani. Marekebisho ya 14 ya katiba ya nchi hiyo, ya mwaka 1868, yanamfanya raia karibu kila anayezaliwa humo, na mwaka 1898 Mahakama Kuu ilithibitisha hivyo katika kesi ya Wong Kim Ark, mwana wa wahamiaji wa Kichina wa San Francisco. Lakini haki ya katiba haikuletei tiketi ya ndege. Mashirika mengi ya ndege hudai barua ya daktari baada ya wiki 28 na hayampakii mama baada ya wiki 36, kwa hiyo anayetaka kujifungua mbali lazima aondoke mapema, apange nyumba, ale, aende kliniki, ajifungue, angoje pasi ya mtoto. Ni miezi 3 au 4 ya kuishi bila kufanya kazi katika nchi ghali. Bili ya hospitali ni sehemu tu. Waendesha mashtaka wa California waliofungua kesi za jinai Januari 2019 dhidi ya wenye biashara hiyo walisema wateja walitozwa kati ya dola 40,000 na 80,000, na walifundishwa nini cha kusema kwenye mahojiano ya viza na nguo gani ya kuvaa ili tumbo lisionekane uwanja wa ndege.

Katika karatasi za uchunguzi uliotangulia kesi hizo kuna wanandoa wawili ambao siwezi kuwapita. Hospitali iliwatoza kiwango cha watu wasiojiweza, jumla ya dola 4,080, huku akaunti yao ya benki nchini Marekani ikiwa na zaidi ya dola 225,000 na miamala yake ikionyesha manunuzi Louis Vuitton na Rolex. Watu wenye uwezo wa kulipa bili nzima mara kadhaa walibana pale pale palipokuwa na mwanya. Huo si umaskini, na sidhani kama ni uroho peke yake. Ni tabia ya mtu aliyeichukulia safari nzima kama uwekezaji, na mwekezaji hupunguza gharama popote anapoweza.

Kisiwa cha Saipan, eneo la Marekani katika Bahari ya Pasifiki, kinaonyesha hivyo wazi zaidi. Mwaka 2009 Wachina walianza kuruhusiwa kuingia kule bila viza kwa siku 45. Mwaka huo watalii wa Kichina walizaa kule watoto 8. Mwaka 2017 walizaa 472. Uraia ni uleule wa California, ila nauli ni ndogo na hakuna mahojiano ya ubalozi. Oktoba 2019 Marekani ikapunguza siku kutoka 45 hadi 14, hesabu ambayo haimtoshi mjamzito hata kungojea tarehe yake.

Januari 2020 ilikuja kanuni ya viza inayomwagiza ofisa wa ubalozi kumnyima mtu ambaye lengo lake kuu ni kumpatia mtoto uraia. Isome kwa makini. Mgonjwa anayekwenda kutibiwa bado anaruhusiwa, ilimradi aonyeshe amepata daktari na anazo fedha za kulipia kila kitu. Tajiri akabaki na njia. Amri ya Rais Trump ya Januari 20, 2025, ya kuwanyima uraia watoto wa wageni wa muda na wasio na vibali, ilikwenda mbali zaidi, na mahakama zikaisimamisha kabla haijaanza kufanya kazi.

Na faida yenyewe ya uwekezaji huu? Inachelewa kuliko madalali wanavyosema. Mtoto haruhusiwi kuwaombea wazazi wake ukaazi wa Marekani mpaka afikishe miaka 21. Mama aliyejifungua akiwa na 30 atakuwa na 51. Na katikati hapo kuna deni ambalo halipo kwenye kipeperushi: Marekani humdai raia wake ripoti ya kodi popote aishipo duniani. Binti aliyezaliwa Houston akalelewa Mikocheni na kuajiriwa Dar es Salaam anaweza kutakiwa kuitumia Washington maelezo ya kipato chake kila mwaka, hata kama mwisho wa hesabu hadaiwi kitu. Akichoka na kutaka kuukana uraia huo, kuna ada, ambayo mwaka 2014 ilipandishwa kutoka dola 450 hadi 2,350.

Kwa Mtanzania kuna hesabu nyingine tena. Kenya iliruhusu uraia pacha katika katiba ya 2010, kwa hiyo mzazi wa Nairobi anaweza kuongeza pasi ya pili juu ya ya kwanza. Sheria ya uraia ya Tanzania humvumilia mtoto mwenye uraia wa nchi mbili, kisha akitimiza miaka 18 humtaka achague. Anayechagua pasi ya Marekani amekuwa mgeni, na Sheria ya Ardhi ilipopitishwa 1999 haikumpa mgeni umiliki wa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kiwanja cha Bagamoyo ambacho baba alikuwa akikijengea uzio pole pole kwa jina la mwanawe kinageuka kuwa swali la wakili. Mjadala mrefu wa hadhi maalumu kwa Watanzania wa ughaibuni umetokana kwa kiasi kikubwa na mambo ya namna hii, viwanja na mirathi, kuliko na mapenzi ya bendera. Katika familia zenye uwezo mazungumzo ya kwenda kujifungulia Marekani huanza na viza na daktari. Yangeanza na hati ya kiwanja, nadhani safari kadhaa zingeahirishwa.

Warusi nao walipiga hesabu yao baada ya vita vya Ukraine kuanza 2022. Februari 2023 ndege moja iliyotua Buenos Aires ilikuwa na wajawazito 33 wa Kirusi. Argentina iliwapa vitu vinne kwa mpigo: uraia wa mtoto siku anapozaliwa, njia ya wazazi kupata wa kwao, hospitali za umma ambazo wakati ule hazikumtoza hata mgeni, na peso iliyokuwa ikiporomoka kiasi kwamba mwenye dola alipanga nyumba nzuri kwa fedha ya chumba. Hili la mwisho halikuandikwa na mbunge yeyote. Mfumuko wa bei ndio ulioitunga sera hiyo.

Sasa turudi karibu na nyumbani, mahali ambapo hakuna Rolex.

Kutoka Nzwani, kisiwa cha Komoro, hadi Maore, yaani Mayotte ya Ufaransa, ni kilomita 70 hivi za bahari. Ni visiwa ndugu. Watu wana lugha moja, dini moja, na mara nyingi bibi mmoja. Desemba 1974 visiwa vya Komoro vilipiga kura ya uhuru, na Maore peke yake ikawa na wengi waliotaka kubaki na Ufaransa. Komoro ikajitangazia uhuru Julai 1975, Maore ikabaki. Watu waliendelea kwenda na kurudi hadi Januari 1995, Ufaransa ilipoweka viza kwa Mkomoro anayekwenda Maore. Mwaka 2011 kisiwa kikawa rasmi mkoa wa 101 wa Ufaransa. Serikali ya Komoro mjini Moroni haijawahi kukubali, na Umoja wa Mataifa umepitisha maazimio ya kuiunga mkono. Kwa hiyo katika ramani ya Moroni, mama wa Nzwani anayejifungulia Mamoudzou, mji mkuu wa Maore, hajatoka nje ya nchi yake hata hatua moja. Ramani haimsaidii kitu akikutana na boti ya polisi.

Upande mmoja wa maji pato la mtu kwa mwaka ni kama dola 1,500. Upande wa pili ni mara 6 na zaidi, ingawa kwa kipimo cha Ufaransa Maore ni maskini kupindukia: takwimu za 2018 zilionyesha watu 77 katika kila 100 wakiishi chini ya mstari wa umaskini wa taifa hilo. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye euro, 491.96775 kwa euro moja, hivyo hakuna kuyumba kwa sarafu kama kule Hong Kong au Argentina. Pengo limesimama mahali pamoja, mwaka hadi mwaka, na kila mtu analijua kwa kichwa.

Mama wa kijiji cha Nzwani ambaye mimba ya kwanza ilimalizikia kwenye upasuaji anajua ya pili inaweza kufika hukohuko. Anajua pia kwamba hospitali ya umma ya kwao itamkabidhi mumewe orodha: glavu, uzi wa kushonea, maji ya dripu, dawa ya ganzi, na malipo ya upasuaji kabla ya upasuaji. Hapo mtu huuza mbuzi, au hukopa, au humpigia simu shemeji aliye Marseille. Au huuliza bei ya boti. Kwassa ni mashua ya faiba yenye injini ya nje, na nafasi ndani yake hugharimu mamia ya euro, zaidi kwa mgonjwa na zaidi wakati doria ni kali. Nahodha hupakia watu usiku, nao hukaa bega kwa bega ubaoni. Ukiweka gharama hizo mbili mezani, zinakaribiana kiasi cha kumfanya mtu mwenye akili timamu asite. Bei ya tatu haiingii kwenye hesabu: ripoti ya Baraza la Seneti la Ufaransa ya 2012 ilikadiria kwamba watu kati ya 7,000 na 10,000 walikuwa wamekufa katika mlango huo wa bahari tangu viza ya 1995.

Paris huisoma safari hii kama uwindaji wa uraia. Sheria yenyewe inapingana na usomaji huo. Mtoto wa wageni aliyezaliwa katika ardhi ya Ufaransa hazaliwi Mfaransa. Huupata uraia akiwa na miaka 18, au mapema kuanzia 13 wazazi wakiomba, na kwa sharti kwamba ameishi huko miaka kadhaa. Kibali cha ukaazi ambacho mama anaweza kupewa Maore kwa kawaida hakimruhusu kwenda Réunion wala Paris bila viza nyingine. Na ule mfuko wa matibabu unaowasaidia wasio na vibali kwingineko Ufaransa haufanyi kazi Maore kabisa. Kama kinachonunuliwa ni pasi, basi ni pasi mbovu ya kungojea miaka 18.

Biashara ya karatasi ipo, sikatai. Kuna wanaume wenye uraia wanaolipwa ili waandikishe watoto wasio wao, na mahakama za Maore zimewahukumu baadhi yao. Lakini wengi wa akina mama wageni wanaojifungulia Mamoudzou hawakushuka kwenye boti juzi. Wanaishi kisiwani, wengine kwa miaka, na karibu nusu ya watoto wote wanaozaliwa Maore wana angalau mzazi mmoja Mfaransa.

Septemba 2018 Ufaransa ilikaza: mtoto wa Maore hataupata uraia baadaye mpaka mzazi mmoja awe alikuwa na kibali cha ukaazi kwa miezi 3 kabla ya kuzaliwa kwake. Kama uraia ndio uliokuwa ukiwavuta, wodi ingepungua watu. Mwaka 2022 kulizaliwa watoto zaidi ya 10,700, idadi ambayo kisiwa hakijawahi kuiona, robo tatu yao wa akina mama wageni. Julai 2019 Paris na Moroni zilikuwa zimetia saini mkataba wa euro milioni 150 kwa miaka 3, afya ikiwa mojawapo ya mambo yake, ili Komoro izuie boti. Boti ziliendelea kuondoka.

Mei 2025 sharti likakazwa tena: sasa ni wazazi wote wawili, na kibali cha mwaka mzima. Sheria hii inamgusa mtoto siku atakapotimiza miaka 13 au 18, yaani 2038 kwa mapema. Mama mwenye kovu la upasuaji na mimba ya miezi 8 ana swali la mwezi huu, nalo ni la faranga: hapa Nzwani wanataka ngapi, na nahodha anataka ngapi. Mpaka sasa kila sheria iliyopitishwa Paris imelijibu upande wa nahodha tu, kwa kuipandisha nauli yake.